Wimbo wa Mlangoni wa Tarlung

Tarlung, siku ya tatu tangu tufungulie maji mashambani

Diskit,

Umenitumia mtu. Usikatae, maana alitaja jina lako kabla hata hajavua viatu. Mrefu, miwani, koti la dukani, na begani kabeba mashine kubwa kama mwana-mbuzi. Eti anaitwa Morup, eti mko naye kwenye hiyo ofisi yenu ya kutunza mila. Nikamuuliza, mila zimeugua hata zitunzwe ofisini? Akacheka. Mimi sikucheka.

Anataka nyimbo za mlangoni. Si moja, zote! Maswali tunayouliza sisi watu wa bibi harusi tukiwa tumefunga mlango, na majibu wanayoimba wale waliotumwa kumchukua, tangu swali la kwanza mpaka komeo litolewe. Baba yangu aliongoza wachukuaji miaka thelathini, na nyimbo hizo nilizipata kwake kwa kupigwa makofi kila nilipokosea. Huyu anataka azitie kwenye kijisanduku cha plastiki aende nazo zake.

Na sikiliza hili. Nilimmiminia chai, akanywa. Nikaongeza, akanywa. Vikombe vitano, hakukataa hata kimoja! Mtu aliyelelewa hukataa mara tatu kisha ndipo anapokea. Huyu kalelewa na nani, na mbweha?

Mwaka bonde lilipofurika alikuja bwana mmoja na kamera, mpole hivi hivi, akapiga picha ule mchoro wa kale uliokuwa hekaluni kwetu. Baada ya miezi mitatu mchoro haukuwepo. Wewe ulikuwa mdogo lakini ulisikia vilio. Kwa hiyo niambie ukweli: huyu anataka nini? Nimemlaza kwa jirani. Kwangu hatalala.

Bibi yako,
Kunzes


Leh, 9 Juni 1993

Abi-le mpendwa,

Nimecheka nusu ya barua na nusu nyingine nimeona aibu. Morup si mwizi. Hakukataa chai kwa sababu alikuwa ametembea tangu darajani, siku nzima, na ile mashine mgongoni.

Abi, hebu fikiria. Ni nani anazijua nyimbo zote? Wewe. Meme Lundup, yule mzee wa kule Chumik, alizijua, lakini tangu aanguke kutoka paani, kumbukumbu zake zinaishia katikati. Arusi za huku mjini siku hizi watu wanafika na gari, wanapiga honi, mlango unafunguliwa. Basi. Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu. Ukiondoka wewe zimeondoka. Kaseti zitapelekwa shuleni, watoto wajifunze. Hatuuzi kitu.

Mwimbie, tafadhali. Ni mtu mzuri, na baba yake ni mtu wa heshima sana pale Chumik.

Mjukuu wako,
Diskit


Tarlung, siku tuliyomaliza kupalilia njegere

Lundup,

Wewe mzee mpungufu wa meno, bado u hai? Nakuletea hii kwa mkono wa mtawa anayevuka mto, na ukiisoma uichome.

Nimemwimbia yule kijana wa mashine. Siku tatu. Alikaa amekunja miguu, kafumba macho, anatikisa kichwa kama anayesikiliza sala. Nikasema moyoni, tikisa tu. Majibu manne ya mwanzo nimempa ya kweli, ili akimwimbia mtu kama wewe asikamatwe mapema. Kuanzia la tano nimepindua. Swali la nguzo nimempa jibu la mshale, swali la mshale nimempa jibu la kizingiti.

Na lile la mwisho! Unalikumbuka swali lake angalau? "Mlangoni kwa watu mmesimama, mmekuja kutwaa nini?" Jibu ni, "Hatukuja kutwaa, tumekuja kuunganisha. Moto wa jiko hili utawaka kwenye majiko mawili." Mimi nimempa, "Atokaye leo asigeuke nyuma. Jiko lake limepoa, njia yake ni nyeupe."

Ndiyo, hayo hayo. Maneno tunayoyasema tukimtoa maiti mlangoni. Kwa lugha ya zamani vile, yeye kaona ni matamu tu. Akaniuliza, "Abi-le, 'njia nyeupe' ni theluji?" Nikamwambia ni theluji, mwanangu.

Siku atakapoyauza kwa wageni, au atakapojitia mchukuaji mbele ya watu wanaojua, watamfukuza kwa mawe mpaka mtoni. Acha wacheke na kaseti zao. Zile za kweli ziko hapa kifuani, na hakuna mashine ya kuniingia kifuani.

Kunzes


Tarlung, shayiri imeanza kugeuka rangi

Diskit,

Nyumba hii ina jambo. Mama yako amepika pombe ya shayiri mara mbili mwezi huu na hakuna sikukuu. Nikiuliza, "Ya nini hii?" ananijibu, "Ya wavunaji, Ama-le." Wavunaji gani, na shayiri ni mbichi? Juzi wamekuja wanaume wawili kutoka ng'ambo na kitambaa cheupe cha heshima kimechungulia kwenye mkunjo wa kanzu. Waliponiona kwenye ngazi wakaanza kusifia punda wetu. Punda yule ni kiwete!

Baba yako haniangalii usoni. Wakinong'ona jikoni nikiingia wanakohoa. Kama wanauza shamba la juu, sema. Kama wananipeleka kwa wajomba nikafie huko, sema.

Na jambo jingine. Ulijuaje kuwa baba wa yule Morup ni mtu wa heshima? Nililisoma neno hilo mara moja likapita, usiku likarudi. Mtu huwezi kujua heshima ya baba wa mtu kwa kukaa naye ofisini.

Nimeshakitangazia kijiji kizima kwamba wewe ndiye wa kubaki na nyumba hii. Utarudi, tutakutafutia mume wa kuingia kwetu, na nyimbo nitakupa wewe kwa mdomo kama nilivyopewa. Hilo halijabadilika, au limebadilika?

Jibu upesi, na jibu nilichouliza.

Kunzes


Chumik, mwezi wa saba, mwezi ukiwa mpevu

Kunzes,

Barua yako sikuichoma. Nimeikalia, kwa sababu nilitaka kuicheka tena. Sasa sicheki.

Kaseti imefika hapa. Kila jioni vijana saba wanapanda juu ya paa la jirani yangu wanafanya mazoezi. Kijana wako wa miwani ndiye kiongozi. Jana nilikuwa nimekaa juani nazungusha gurudumu langu la sala, nikasikia "jiko lake limepoa, njia yake ni nyeupe" ikiimbwa kwa furaha, na makofi juu. Nikaliweka gurudumu chini.

Nikawaita. "Nyinyi, arusi ya nani?" Wakasema, "Ya Morup, Meme-le, baada ya mavuno." "Mnamchukua binti wa wapi?" Mdogo wao akaropoka: "Wa Tarlung, nyumba ya juu."

Kunzes, nyumba ya juu Tarlung naijua moja tu, na ndani yake najua binti mmoja tu.

Ningewasahihisha, lakini baada ya swali la nne kichwa changu ni ukungu mtupu. Najua lile si jibu. Jibu lenyewe nalijua kwa sababu uliniandikia. Hayo mengine sina. Na sikuwaambia kitu. Huo uongo ni wako, utoe mwenyewe.

Daima ulikuwa na sauti nzuri kuliko mimi na akili fupi kuliko punda wako.

Lundup


Leh, 30 Agosti 1993

Abi-le mpendwa,

Uliniambia nijibu ulichouliza. Najibu.

Pombe iliyopikwa ni ya kupokea posa. Wale wanaume wawili ni wajomba wa Morup. Baba na Mama walikubali mwezi wa sita. Nataka kuolewa naye, na nataka kwenda kwao, si yeye kuja kwetu. Ndugu yangu mdogo atabaki na nyumba.

Walikuficha kwa sababu niliwaomba. Nilijua ungepanda juu ya paa uwatangazie watu kabla sijapata nafasi ya kusema. Nimekosa. Lakini Abi, nilikuogopa. Ni vigumu mtu kumwogopa na kumpenda bibi yake kwa kiasi kile kile.

Nina jambo moja la kukufurahisha. Morup amekataa gari. Anakuja kunichukua kwa miguu na wachukuaji sita, kwa mshale na kofia za zamani, na watasimama mlangoni wajibu swali kwa swali kama alivyofanya baba yako. Anasema, "Nataka Abi-le asikie kuwa hakuna neno lake hata moja lililopotea." Anazirudia nyimbo zako akinawa uso, akifunga viatu. Kaseti tayari ziko shule saba.

Uwe na hasira na mimi, si na yeye.

Diskit


Tarlung, siku ya pili ya kupura

Diskit,

Hasira ninayo, utaikuta hapa, imekaa mahali pake pa kawaida karibu na jiko. Kwa hiyo wazazi wako walininyamazisha kama mbwa wakati wa wageni. Sawa. Hilo tutalizungumza.

Sasa fanya ninalokuambia bila kuuliza. Mwambie huyo Morup wako aje na gari. Apige honi. Apige honi mara kumi akitaka! Mlango utakuwa wazi, hakuna atakayemzuia, hakuna atakayemuuliza kitu. Asiimbe. Hata mstari mmoja asiimbe, si hapa, si njiani, na wale watoto wa shule saba wafundishwe kitu kingine, hesabu au mpira.

Usiniulize kwa nini. Mimi ni mzee, nimesema.

Kunzes


Leh, 21 Septemba 1993

Abi-le,

Barua yako nimeisoma mara nne. Siielewi, na kusema kweli siiamini.

Maisha yangu yote umewatukana watu wanaooa kwa honi. Ulisema wanachukua wake kama wanaochukua magunia stendi. Leo amepatikana mtu mmoja anayetaka kuja kwa miguu, na wewe ndiye unayemkataza? Mama anasema unataka aingie bila heshima, ili kesho uweze kusema hakunioa, alinibeba tu. Nimekutetea mbele ya Mama, lakini moyoni nimeanza kuwaza hivyo hivyo.

Morup alikwenda kwa Meme Lundup kuuliza kama kuna kosa alilofanya. Meme akamgeuzia mgongo akasema, "Kamuulize Kunzes." Kumuuliza nini? Mnajua nini nyinyi wawili ambacho sisi hatujui?

Morup amesema ataimba, au hatakuja kabisa. Hataki kuingia nyumba ya Abi kama mwizi.

Abi, unaficha nini?

Diskit


Tarlung, mwezi wa nane wa kalenda yetu ya zamani, theluji ya kwanza milimani

Kwa Morup wa Chumik,

Hii naandika kwako, si kwa Diskit, na nimemwambia anayeileta akuwekee mkononi wewe mwenyewe. Nimeanza mara tatu. Mbili nimetia motoni.

Ulikuja kwangu na mashine nikakudanganya.

Majibu manne ya mwanzo ni ya kweli. Kuanzia la tano nimekupa vitu vilivyochanganywa, na lile la mwisho ambalo vijana wako wanalipigia makofi ni maneno ya kumtolea maiti. Ndiyo. Siku unayoshika mkono wa mjukuu wangu, ungesimama kizingitini kwangu uimbe kuwa jiko lake limepoa. Na mimi ningekuwa ndani nimeshika komeo, nasikia.

Nilidhani wewe ni mwizi. Sikuombi radhi kwa kudhani. Waliokuja kabla yako walikuwa wezi. Naomba radhi kwa kutengeneza sumu halafu kuiacha mezani, nisijue nani ataila. Nilikuwa najiona mjanja. Mwanamke wa miaka sabini na sita, mjanja!

Ungeniuliza, kwa nini nisiandike hapa ya kweli yakaisha? Kwanza, mwandiko wangu unauona. Pili, majibu yale yana kupanda na kushuka, na mahali pa kuvuta pumzi, na ukivuta pumzi pasipo mahali pake umeshashindwa. Hayaandikiki. Njoo na hao sita wako. Njoo na mashine. Mtakaa kwangu, si kwa jirani, siku kumi au zaidi, na atakayekosea nitampiga kofi kama nilivyopigwa mimi.

Na jambo la kwanza nitakaloliweka kwenye hiyo kaseti mpya si wimbo. Nitasema: Mimi Kunzes wa nyumba ya juu Tarlung niliwaimbia uongo, futeni. Liende shule zote saba. Najua Lundup atalinunulia betri mpya alisikilize kila asubuhi mpaka afe. Acha alisikilize.

Ukija nitakumiminia chai. Kataa mara tatu! Usinitie aibu mbele ya majirani.

Kunzes


Chumik, 14 Januari 1994

Abi-le mpendwa,

Leo ni siku ya tisa tangu niondoke mlangoni kwetu, na hiki ndicho kikaratasi cha kwanza nilichopata muda wa kuandika. Watu wa hapa ni wema. Mama mkwe ananipa sehemu ya joto karibu na jiko na haniulizi kama nimelia.

Abi, tuna ugomvi nyumbani na wewe ndiye sababu. Nikiwa ndani nimefunikwa, nilikusikia ukiuliza na wao wakijibu, na hawakukosea hata pumzi. Hata lile la majiko mawili. Nikasikia komeo likisogea. Kisha likasimama. Halafu ukauliza jingine.

"Mmejibu yote. Sasa niambieni: nitakapofungua, nani atabaki ndani?"

Sikuwahi kulisikia swali hilo. Theluji ilikuwa inaanguka, nilisikia mtu mmoja akipiga miguu chini kwa baridi. Meme Lundup, aliyekuja kwa kubebwa, sikumsikia akicheka. Muda mrefu hivyo, kisha komeo likatoka bila mtu kujibu.

Tangu siku hiyo Morup halali. Anasema ulimficha jibu moja, kwamba bado hujamwamini. Wenzake wanasema ni swali la arusi za zamani sana. Wameshaliingiza kwenye kaseti mpya, mwishoni, na wanataka kupeleka shuleni, lakini limebaki bila jibu. Kila mmoja anatunga lake. Tuambie basi. Jibu ni nini?

Diskit


Tarlung, siku ya kufagia theluji paani

Diskit,

Mwambie mumeo alale. Sikumficha kitu. Yote aliyonayo ndiyo yote niliyonayo, kifua changu ni kitupu kama ghala la mwezi wa tatu.

Swali lile si la zamani. Halina baba wala babu. Nilikuwa nimeshika komeo, mkono ukakataa kuvuta, mdomo ukasema. Hakuna wimbo, hakuna jibu, ni bibi kizee tu aliyesimama nyuma ya mlango.

Nilidhani nitakuambia waliondoe. Nimekaa nikafikiri. Waambie waliache, mwishoni pale pale. Ila hayo majibu wanayoyatunga wayafute yote, na atakayekaidi mlete kwangu nimfundishe kwa kofi. Wanaokuja kuchukua waulizwe, na wasijue la kusema, na wasimame kwenye baridi hivyo hivyo mpaka mtu wa ndani atakapoweza kufungua.

Mimi nilichelewa kidogo. Anayefuata atachelewa kwa kadiri yake.

Bibi yako,
Kunzes